Kutoka Gerezani hadi Iringa na taa mpya za gari la nyumbani

Gerezani haina mlango wa kuingilia. Ukishuka mwendokasi kituo cha mwisho na kutembea hatua chache tu, tayari umezungukwa na milango ya magari isiyo na magari, bampa zimening'inizwa juu kama nguo za mtumba, na vijana wanaokuuliza kabla hata hujasalimia: "Mama, gari gani? Ya mwaka gani?" Kila duka lina kitu chake. Huyu anauza vioo vya pembeni, yule shokapu, wa tatu ana taa tupu zilizopangwa kuanzia sakafuni hadi darini, zinakutazama kama macho ya samaki pale Feri.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi mimi na shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, pamoja na mwanangu wa darasa la sita ambaye jambo likihusu magari hakubali kuachwa nyumbani. Sababu ilikuwa safari. Mama mkwe yuko Iringa, na miezi hii afya yake inapanda na kushuka. Sisi tuko Dar, tunatoka kazini Ijumaa. Kutoka hapa hadi Iringa ni kama kilomita 500, hivyo hata ukiomba ruhusa na kuondoka saa tisa alasiri, giza litakukuta njiani. Na gari letu, Toyota ndogo ya mwaka 2004 iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika, lilikuwa na taa za mbele zenye rangi ya chai ya maziwa. Usiku ulikuwa unaitazama barabara kama mtu aliye ndani ya chandarua.

Mwanangu alitaka projekta. Ameziona kwenye magari ya vijana mtaani: jicho la duara ndani ya taa, mwanga mweupe unaoelekea bluu, na ule mstari ulionyooka ukutani gari linapogeuza. Shemeji naye alizitaka, ingawa alijifanya anamsindikiza mtoto. Mimi nilitaka kuona barabara, basi.

Fundi tuliyeelekezwa kwake ni mtu wa makamo, ana meza yake nje ya duka, betri moja chini na kipima volti kifuani kimefungwa kwa kamba. Hakuanza kwa kutuuzia kitu. "Mama, kabla hujanunua, tuangalie kwanza kilichopo," alisema, akachukua msasa wa maji na kuanza kusugua nusu ya taa moja, nusu nyingine akaiacha vilevile ili tulinganishe.

Hapa kuna jambo ambalo lingeokoa fedha za nyumba nyingi. Kava la taa za magari ya siku hizi si kioo, ni plastiki ngumu iliyopakwa tabaka la kuikinga na jua. Jua letu likishakula tabaka lile, plastiki inakuwa ya njano na kufifia, na mwanga unaotoka kwenye balbu unatawanyika kabla haujafika barabarani. Fundi anasugua kwa msasa namba 800 au 1000, anapanda hadi 2000 na 3000, anamalizia kwa dawa ya kung'arisha, kisha anapaka tabaka jipya la kukinga jua. Asipopaka hilo la mwisho, baada ya miezi michache umerudi palepale. Dawa ya meno ambayo kila mjomba anaisifia inang'arisha kweli, lakini ni kwa muda mfupi tu.

Kisha akapima umeme. Kwenye betri ulikuwa sawa, lakini kwenye soketi ya balbu volti zilikuwa zimepungua sana, kwa sababu waya ni za zamani na sehemu ya ethi ilikuwa na kutu. Sikujua kwamba hili lina uzito wote huo. Balbu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo mtu anaweza kulalamikia taa mwaka mzima, anabadilisha balbu kila mara, kumbe tatizo ni waya mpya, relei moja na ethi iliyosafishwa.

Kwa magari mengi, kazi ingeishia hapo, na mimi ningemshauri mzazi yeyote aanzie hapo. Letu lilikuwa na shida ya ziada. Fundi alimulika ndani ya taa, akamwita mwanangu achungulie: ule mng'ao wa fedha ndani ya bakuli, ambao kazi yake ni kurudisha mwanga mbele, ulikuwa umeungua na kubanduka juu ya balbu. Balbu ingeweza kuwaka kama jua na bado barabara isione kitu. Ama tununue taa nzima nyingine, au tufunge projekta ndani ya ile ile. Mwanangu alitabasamu kama aliyeshinda kesi mahakamani.

Nikamwuliza fundi, projekta ni nini hasa, maana nilikuwa nimechoka kusikia tu kwamba "inapiga". Alitujibu kwa kutenda. Aliwasha moja mezani, akaielekeza kwenye ukuta wa duka la jirani. Ndani kuna bakuli lenye umbo la yai, linaukusanya mwanga wote wa balbu kwenye sehemu moja mbele yake. Hapo kwenye ile sehemu kuna kipande cha bati kilichosimama kama pazia fupi, kinaziba mwanga wa chini. Mbele yake ndipo kuna lile jicho, lenzi nene ya kioo. Na lenzi inageuza kila kitu juu chini, kwa hiyo pazia lililoziba chini ndilo linalotengeneza giza la juu. Ule mstari ulionyooka ukutani ni kivuli cha ukingo wa bati.

Ukiwa na kioo cha kukuzia nyumbani, jaribu na watoto wako mchana. Simama upande wa pili wa chumba mbali na dirisha, shika kioo karibu na ukuta mweupe, sogeza mbele na nyuma taratibu. Utaona dirisha lako ukutani, dogo, miguu juu kichwa chini. Mwanangu amelifanya hili kwa kila mgeni aliyeingia kwetu tangu siku ile.

Faida yake ndiyo hiyo: mwanga unabaki chini, barabarani, na wanaokuja mbele wanabaki upande wa giza. Taa ya kawaida yenye balbu ya H4 hutumia wati 55 kwenye dimu na kutoa kama lumeni 1,000. Balbu ya zenoni ya wati 35 tu inatoa kama lumeni 3,200. Mara tatu na ushee, tena kwa umeme mchache. Ukiuweka mwanga wa aina hiyo ndani ya projekta iliyotengenezwa kwa ajili yake, unapata barabara pana, iliyosawazishwa kama shuka iliyotandikwa. Ukiuweka ndani ya bakuli la halojeni, mwanga unaruka kila upande, kwa sababu bakuli lile lilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa balbu uliokaa mahali pake kamili. Hiyo ndiyo taa inayokupofusha kila jioni kwenye foleni ya Kimara. Mara nyingi si projekta. Ni balbu ya zenoni au ya LED iliyochomekwa mahali pasipo pake, kwa dakika tano, na mtu akaondoka akiamini ameboresha gari.

Fundi wetu alisema vijana wengi wanataka hivyo, na hawezi kuwafukuza wote, maana naye ana watoto wa kulisha. Sikumpinga. Lakini nilimpenda zaidi alipotuonyesha projekta mbili kwa pamoja. Ya kwanza, mstari wa ukutani ulipanda kidogo upande wa kushoto. Ya pili, ulipanda upande wa kulia. "Hii ya pili ni rahisi zaidi," alisema, "lakini si yetu."

Sisi tunaendesha kushoto, kama Japani. Taa ya dimu iliyotengenezwa kwa nchi kama hizi huinua mwanga kidogo upande wa kushoto ili umwone mtembea kwa miguu, baiskeli na kibao cha pembeni. Taa iliyotengenezwa kwa nchi wanazoendesha kulia inauinua mwanga huo upande wa kulia, yaani kwenye macho ya dereva anayekuja, na ukingo wako wa kushoto, anakotembea mtoto wa mtu, unabaki gizani. Kwa macho madukani huwezi kuzitofautisha. Mwambie fundi aiwashe ukutani kabla hujatoa fedha. Hili ndilo ningeandika kwa herufi kubwa kama mhariri angeniruhusu.

Rangi ndiyo iliyoleta ubishi. Shemeji na mpwa wake walikuwa upande mmoja, mimi na fundi upande wa pili. Kwenye maboksi kuna namba: 4300, 6000, 8000. Watu wengi hudhani ni namba za ukali. Si za ukali, ni za rangi ya mwanga, kwa kipimo cha kelvini. Halojeni iko karibu na 3200, njano kidogo. Zenoni zinazotoka kiwandani na magari huwa karibu na 4300, nyeupe. Ukipanda hadi 8000 unapata bluu, na kwa zenoni unapata pia mwanga mdogo zaidi barabarani, huku bluu yenyewe ikiwaumiza zaidi macho wanaokutana nawe. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, lami nyeusi inaumeza. "Bluu ni ya harusi," fundi alimwambia mwanangu. Tukachukua 4300. Kijana alinuna hadi alipoahidiwa kwamba atashuhudia taa ikifunguliwa.

Kuifungua taa ni kazi ya mpishi. Kava limegandishwa kwenye mwili wa taa kwa gundi nyeusi inayolainika kwa joto, na fundi wetu hutumia oveni ya zamani kwa dakika chache, kisha kifaa cha kupuliza hewa ya moto, kama kile cha saluni lakini kikali zaidi. Akiharakisha, plastiki inapinda. Asiposafisha gundi ya zamani vizuri wakati wa kufunga, maji yataingia na asubuhi utakuta taa imejaa ukungu ndani. Aliloza lile bakuli lililoungua, akapitisha projekta kwenye tundu la H4, akaikaza kwa nati kwa nyuma huku akiiangalia isipinde hata kidogo, kwa sababu ikipinda ndani ya taa, ule mstari utalala upande kama picha iliyotundikwa vibaya. Balasti aliifunga mbali na maji, na akamkanya mwanangu asiiguse ikiwa inawaka: wakati wa kuwasha, umeme unaokwenda kwenye zenoni unafika volti 20,000 na zaidi. Ikishafungwa vizuri haina madhara, lakini watoto wenye udadisi wa kufungua boneti waambiwe.

Projekta hii ina kisumaku kidogo kinachoangusha lile pazia la bati unapowasha fulu. Ukirudisha dimu, pazia linasimama. Unasikia "tak" ndogo mbele ya gari. Binti yangu mdogo anaiita kope.

Jioni tulirudi kuzipima. Gari kwenye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yana upepo wa kawaida. Unapima kimo cha katikati ya lenzi kutoka chini, kwetu sentimita 65. Ukutani mstari wa mwanga unatakiwa uwe chini ya kimo hicho kwa sentimita 10. Yaani mwanga unashuka sentimita moja kila mita moja. Nilipiga hesabu hapohapo kwenye simu: ukishuka hivyo kutoka sentimita 65, unagusa lami mita 65 mbele ya gari. Na hapo ndipo dimu inapoishia, iwe ya halojeni au ya zenoni, ukiacha ule mwinuko wa kushoto. Ukali wa balbu unaifanya sehemu hiyo ing'ae zaidi. Hauirefushi.

Sasa linganisha na breki. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, unapita mita 22 kila sekunde. Mpaka uone, uamue na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imekwisha, mita 33. Kisha gari lenye matairi mazuri kwenye lami kavu linahitaji mita nyingine 35 hivi kusimama. Jumla 68. Kwa kilomita 60 jumla ni kama 45. Nilimwonyesha shemeji zile namba. Alinyamaza, na kwa shemeji yangu kunyamaza ni jambo kubwa.

Tuliondoka Ijumaa iliyofuata saa tisa alasiri, watu wazima watatu, watoto wawili, mchele, nguo na dawa za bibi. Kimara, Mbezi, Kibaha, yote kwa foleni. Giza la kwetu haliji polepole. Ukitoka Mlandizi jua bado lipo nyuma ya minazi, ukikaribia Chalinze limeshazama na kila gari ni jozi ya taa.

Kipande cha Chalinze hadi Morogoro ndicho kilichonifundisha kwamba taa zako ni nusu tu ya habari. Malori yanayokwenda na kutoka Tunduma yanapita hapa, mengine ni ya Kongo, usukani kushoto, na kwao wanaendesha kulia. Huenda taa zao ni zile za mwinuko wa kulia, kwa hiyo dereva ameshusha dimu kwa adabu zote na bado unaona amekupiga na mwanga. Zamani ningemjibu kwa fulu. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya katazo, hivyo siku hizi barabara ile haipumziki kama zamani.

Mwanga mkali ukikupiga, macho hayarudi mara moja. Tuseme ni sekunde tatu tu. Kwa kilomita 80 umeshatembea mita 67 bila kuona, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, na watoto nyuma wamelala. Kwa mwenye umri mkubwa au anayeanza kupata mtoto wa jicho, sekunde zinaongezeka, kwa sababu mwanga unatawanyika ndani ya jicho lenyewe. Ndiyo maana baba watoto, aliyeanza kulalamika macho, alikubali bila ubishi nishike usukani baada ya Chalinze. Dawa ninayoijua ni kupunguza mwendo mapema na kuyapeleka macho kwenye mstari wa pembeni kushoto mpaka lile gari lipite. Na kufuta kioo cha mbele kwa ndani. Vumbi na mafuta ya vidole vya watoto kwenye kioo hugeuza taa ya lori kuwa ukuta mweupe.

Na pale kushoto ndipo projekta ilipolipa. Ule mwinuko mdogo uliokuwa ukutani Gerezani sasa ulikuwa unatambaa kwenye nyasi za pembeni mbele yetu. Uliokota mwanamume mwenye jembe. Uliokota baiskeli yenye magunia ya mkaa, haina taa wala kiakisi. Uliokota matawi mabichi yaliyotupwa kwenye lami, na kila msafiri wa barabara hii anajua maana yake: mbele kuna lori limekufa, na huenda halina hata taa moja inayowaka. Tulilipita kwa mwendo wa bodaboda.

Nilimfikiria mwanangu huyuhuyu. Siku za shule anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, bado giza, anatembea kando ya barabara kuu hadi kituoni akiwa amevaa sweta la rangi ya usiku. Shati lake jeupe, ambalo lingemwokoa, liko ndani ya sweta. Gari lenye taa za kupofusha likija, si yeye tu asiyeona. Dereva wa nyuma yake naye, aliyepigwa na zile taa, hamwoni yeye. Tangu turudi nimemshonea utepe unaong'aa nyuma ya begi na kwenye mikono ya sweta. Unauzwa madukani wanakouza vifaa vya ujenzi, wanaukata kwa mita, na mshono ni wa dakika kumi.

Morogoro tulilala. Shemeji alipendekeza tuendelee, taa si tunazo? Nilimwambia taa si usingizi. Tena kutoka Doma barabara inaingia Hifadhi ya Mikumi na kwenda ndani yake kwa kama kilomita 50, hakuna ukuta wala uzio. Kuna matuta, vibao vya kasi, na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Tuliondoka alfajiri, saa kumi na moja tukawa tumeshaikaribia, bado giza totoro.

Ndani ya Mikumi dimu ya projekta inaonyesha udhaifu wake. Mstari ule ulionyooka, unaomlinda dereva mwenzako, unakata kila kitu kilicho juu ya kimo cha taa. Swala alionekana vizuri, macho yake yakarudisha mwanga kama sarafu mbili. Kisha binti yangu akasema, "Mama, miti inatembea." Ilikuwa miguu minne ya twiga, mirefu, inavuka taratibu, na juu ya magoti hakuna kitu, giza. Nilisimama, nikabonyeza fulu mara moja, pazia likaanguka na twiga mzima akatokea hadi pembeni mwa masikio. Kisha nikairudisha. Wenye balbu za kawaida wanapata mwanga kidogo unaovuja juu, na hapo porini uvujaji ule una msaada wake. Ukishafunga projekta, ujifunze kutumia fulu barabara ikiwa tupu na kuishusha mapema ukiona mwanga wa mtu mbele. Na usikimbie. Tulikwenda 50 na hakuna aliyelalamika.

Bonde la Mibuyu tulilipita kumeshapambazuka, mibuyu ya kijivu pande zote na mto Ruaha Mkuu kando yetu, Ruaha Mbuyuni tukanywa chai, Kitonga tukapanda nyuma ya lori la saruji kwa mwendo wa kukokota. Kwa mama mkwe tulifika kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amekaa nje, amepungua, lakini ametuhesabu mmojammoja kabla hajaitikia salamu.

Jambo la mwisho nililijua palepale kwake, Jumapili alfajiri. Ukienda Iringa huwezi kurudi mikono mitupu. Buti lilibeba gunia la mahindi, viazi, maharage na ndoo ya mafuta ya alizeti. Shemeji aliwasha taa kuelekea ukuta wa nyumba ya mama yake, kuhakikisha tu. Mstari ulikuwa umepanda. Nyuma ya gari likizama, pua inainuka, na hesabu yake ni ya kushangaza: matairi yetu ya mbele na ya nyuma yameachana kwa kama mita 2.5, kwa hiyo nyuma ikishuka sentimita 2.5 tu zaidi ya mbele, ule mshuko wote tuliopima Gerezani umekwisha. Taa zilezile za kistaarabu sasa zinawapiga watu usoni.

Magari mengi ya Kijapani yana kitufe kidogo cha kuzungusha upande wa usukani, kimeandikwa namba kuanzia 0. Wengi wetu hatujawahi kukigusa, wengine hudhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Ndicho kinachoinamisha taa gari likiwa na mzigo, na kama fundi hakukata waya zake, kinafanya kazi hata baada ya kufunga projekta. Mwanangu alikizungusha taratibu, bibi yake akiwa amejifunga khanga mlangoni akiutazama mwanga ukishuka kwenye ukuta wake, kutoka dirishani, ukapita kwenye ufa wa plasta, hadi baba watoto aliyekuwa na futi ya fundi seremala aliposema hapo hapo. Kilisimama kati ya 2 na 3.

Kitonga tuliishuka kabla jua halijatoka, kuna ukungu mwepesi. Kwenye kona zile taa yoyote inamulika mwamba au shimo kabla haijamulika barabara, kwa sababu mwanga haupindi na gari. Kwenye mteremko mkali unaoishia na mpando, ule mstari wa projekta unaikata barabara karibu sana na bampa. Niliweka gia ya pili na kuiacha hapo. Malori yalikuwa yanapanda, moja baada ya jingine, yananguruma. Hakuna dereva hata mmoja aliyetuwashia fulu.